Nje ya Daftari

Kwenye daftari la tawi niliandika hivi:
Azimio la nne. Gari lililoundwa ng'ambo
lisivuke geti la kiwanda likiwa la mwanachama.
Waliounga mkono, arobaini na mmoja. Waliopinga, hakuna.

Sikuandika kwamba ile mikono arobaini na mmoja
ilinyooshwa ndani ya mashati ya mtumba,
kwamba la Candia lina nembo ya zimamoto wa mji asioujua,
na kwenye kola ya blauzi yangu, kwa ndani,
kwa wino uliogoma kufulika,
kuna jina la aliyeivaa kabla yangu.

Mwenyekiti Tabingwa alisema, Mcheza kwao hutunzwa.
Tukapiga meza. Sisi ndio tunaokaza boliti
za mabasi yanayotoka Jinja yaking'aa kama sahani za harusi;
kila gari kuukuu linaloteremshwa Mombasa
ni zamu ya mtu inayokatwa hapa.
Hayo niliyaandika, na niliyaamini.
Bado nayaamini, isipokuwa mwisho wa mwezi.

Mama hakuwa kikaoni. Yeye alitutangulia viwandani,
kile cha nguo, mitambo ikipiga
hadi vikombe vikatembea mezani.
Marobota ya mitumba yalipofika
mashine zikanyamaza mojamoja.
Kadi yake ya chama imo ndani ya kopo la majani ya chai:
stempu za ada zinafika Agosti,
halafu visanduku vitupu.
Nilipomsomea azimio aliendelea kuchambua maharagwe.
"Wakati wetu," akasema, "mlikuwa mmevaa nini?"

Isabirye wa kuchomelea alikaa safu ya mwisho.
Naye alinyoosha mkono, ule wenye makovu ya cheche.
Gari lake la kijivu, la miaka kumi na minane, la bondi ya Nakawa,
alilinunua kwa mkopo wa ushirika wetu.
Mdhamini wa pili ni mimi. Sahihi yangu ipo.
Mwanawe ana selimundu,
na mabasi yetu, pamoja na uzuri wake wote,
hayagongi mlango wa mtu Masese saa nane za usiku.

Sasa huliacha barabarani, kwa muuza gonja,
anayemtoza shilingi mia tano kulitazama,
na kulitazama kwenyewe ni kuligeuzia mgongo.
Saa mbili na nusu huja gari la mkurugenzi,
jeupe, refu, vioo vya giza, limetoka kulekule.
Askari huinua kizuizi na kupiga saluti.
Azimio ni la wanachama,
na mkurugenzi si mwanachama.

Ijumaa mvua ilitukuta getini.
Isabirye akafungua milango bila kutaja jina la mtu.
Tabingwa akaingia mbele, kofia magotini.
Ufunguo ukageuzwa, na sauti ya mwanamke
ikasema maneno marefu, ya upole, kwa Kijapani.
"Anasemaje?"
"Sijui. Mwaka wa pili huu namwitikia tu, asante mama."

Kwenye pembe ya kioo kuna stika iliyochujuka:
mikono miwili imeshikana,
na maandishi kama vijumba vilivyobanana.
Tabingwa akafuta ukungu kwa kidole gumba, akaisogelea.
"Hii," akasema, "ni alama ya chama."
Pengine ni ya bima. Hakuna aliyembishia.
Pengine kuna mtu huko aliyekaza boliti hizi,
akalipa ada kila mwezi, akakaa safu ya mwisho,
akanyoosha mkono kuyapinga magari ya wengine.

Vifuta-mvua vilikwaruza hadi Walukuba.
Mimi nyuma, kati ya Candia na tairi la akiba,
daftari nimelificha chini ya blauzi lisilowe,
azimio la nne likinigusa tumbo,
bado la baridi.